Orodha ya Katibu Wiesinger

Nurto alikikuta kile kitabu ndani ya pipa la karatasi chakavu, kimelazwa juu ya magazeti ya mwaka jana, na asingekitazama mara mbili kama jalada lake lisingekuwa la ngozi. Ilikuwa Jumanne. Jumanne na Alhamisi yeye na Mzee Jagjit walijitolea huko Erdington, mtaa wa Birmingham, katika duka la hisani, moja ya yale maduka yanayouza mitumba, vyombo na vitabu vilivyoletwa na watu, na mapato kwenda kuwasaidia wagonjwa. Nurto alikuwa Msomali wa Isiolo, miaka hamsini na tisa, akikaa mtaa wa Small Heath na binti yake Sagal na mkwewe. Jagjit alikuwa Kalasinga wa Kisumu, aliyekuja Uingereza kijana mbichi na kuitumikia reli mpaka akastaafu. Walielewana tangu siku ya kwanza, maana Jagjit alikuwa na njaa ya Kiswahili. Mkewe ni mzaliwa wa Birmingham, watoto wake wanajua kusema jambo na chai, basi. Siku aliyomsikia Nurto akijisemea peke yake mbele ya rafu za vikombe, nusura amkumbatie.

Nurto aliuliza ni nani aliyekitupa kitabu cha watu. Jagjit akajibu bila kuona haya kwamba ni yeye. Kurasa zimelowa na kukauka na kulowa tena, alisema, na mwandiko wake ni kama kuku amepita na miguu yenye wino, nani atakinunua?

Nurto alikifungua, na papo hapo akakiinua kwenye mwanga. Ule mwandiko wa kuku aliujua.

Kabla ya kuja Birmingham, Nurto alikuwa amekaa Ujerumani miaka kumi na minne, mjini Kassel, akiwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Huko alimtunza ajuza mmoja aliyeitwa Irmgard, mwalimu wa zamani, ambaye macho yalikuwa yamemwacha lakini ulimi bado mkali kama wembe. Irmgard alikuwa na sanduku la barua za mama yake, zilizoandikwa kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani, ule ambao hata Wajerumani wa leo huutazama kama mtu aliyefunguliwa kitabu cha Kichina. Hakukuwa na mtu wa kumsomea. Basi Irmgard akaamua kumfundisha mlezi wake. Herufi moja kila siku, Nurto akimwogesha, akimlisha uji, akimchana nywele, huku ajuza akichora hewani kwa kidole. Miezi mitatu baadaye Nurto alimsomea barua ya kwanza tangu mwanzo mpaka mwisho, Irmgard akalia, kisha akamsahihisha makosa manne.

Kwa hiyo pale Erdington, akiwa amesimama kando ya pipa, Nurto alifuata mstari wa kwanza kwa ukucha, akausoma polepole na kumfasiria mwenzake: Kumbukumbu za mikutano ya Maktaba ya Wajerumani wa Lindenau, Ohio. Kitabu cha nane. Kimeanzwa mwaka 1914 na katibu, Konrad Wiesinger.

"Ohio ni Marekani," alisema Jagjit.

"Najua Ohio iko wapi, Mzee Jagjit. Ninachotaka kujua ni kwa nini iko kwenye pipa lako."

Jagjit alikwenda kutafuta mfuko safi wa kukitilia.

Nurto alikipeleka nyumbani kwa treni na basi, akakilaza kwenye meza ya kulia. Sagal, aliyekuwa mjamzito na pua yake ikinusa kila kitu, alilalamika harufu ya ukungu mpaka mama yake akafungua madirisha yote mawili, baridi na iingie. Tangu utotoni Sagal alizungumziwa Kiswahili na kujibu kwa lugha nyingine, zamani Kijerumani, siku hizi Kiingereza, na mama yake alishazoea. Kwa siku tatu Nurto alisoma, akinakili kwenye daftari la shule alilonunua Coventry Road.

Kurasa za mwanzo zilimfurahisha. Wale watu wa Lindenau walikuwa wakulima, waokaji na mafundi seremala waliotoka Ujerumani au waliozaliwa na watu waliotoka huko, na maktaba yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la hatamu za farasi. Walikuwa na vitabu mia nne na kumi na viwili. Walijadili viti. Walijadili kahawa. Walimkemea mama mmoja aliyerudisha kitabu cha upishi kikiwa na mchuzi ukurasa wa hamsini, na mama yule akajitetea kwamba kitabu cha upishi kisicho na mchuzi hakijatumika. Katibu Wiesinger aliyaandika yote kwa umakini, na hapa na pale Nurto alihisi anacheka chini chini.

Kisha ukafika mwaka 1917, Marekani ikaingia vitani dhidi ya Ujerumani, na sauti ya kitabu ikabadilika. Shule ilikatazwa kufundisha Kijerumani. Mwokaji alivunjiwa kioo. Mwezi wa Aprili 1918 zikaja habari kwamba kundi la watu kutoka miji jirani linajipanga kuja Lindenau siku ya Jumapili kuvichoma vitabu vyote uwanjani. Ijumaa ile wajumbe walikutana, na katibu akaandika azimio lao: kila mwanachama aazime vitabu vingi kadiri awezavyo kubeba. Tarehe ya kurudisha: amani itakaporejea.

Chini yake ilifuata orodha, kurasa kumi na moja. Kila kitabu na namba yake, kila namba na jina la familia, na mahali kilipowekwa. Vitabu kumi na vinne kwa mjane Brenner, chini ya sakafu ya kibanda cha mizinga ya nyuki. Tisa kwa mwokaji, ndani ya tanuri la zamani. Kitabu cha tiba ya farasi kwa familia Haas, ambao walisema hawatakificha kwa sababu wanakihitaji.

Baada ya orodha kurasa za mwisho zilikuwa zimegandamana kwa unyevu, ngumu kama kipande cha mbao. Nurto hakuthubutu kuzivuta.

Sagal ndiye aliyetafuta kwenye simu yake, akagundua kwamba maktaba ile ingali hai. Wazee wa mji wanaiendesha kwa kujitolea, na mwaka huu inatimiza miaka mia na hamsini. Kulikuwa na ukurasa wa historia yake. Sagal aliusoma kwa sauti, na mama yake akaacha kukatakata vitunguu. Ulisema kwamba mwezi wa Aprili 1918 vitabu vyote vya mwanzo viliteketezwa na katibu wa maktaba mwenyewe, Konrad Wiesinger, aliyeviteketeza kwa kuwaogopa watu waliokuwa wanakuja, kisha akauhama mji. Kitabu cha kumbukumbu za miaka ile hakijapata kuonekana.

"Uongo mtupu," alisema Nurto, akakaa chini na kisu mkononi.

Waliandika barua pepe jioni hiyo hiyo. Nurto aliogopa kidogo. Yeye si msomi, ni mtu aliyekuwa akiwabadilishia wazee shuka. Sagal alimwambia hata wasomi wote wa mji ule hawana mtu wa kuusoma mwandiko huo, na akabonyeza kutuma kabla mama yake hajabadili nia.

Jibu lilitoka kwa mwenyekiti wa maktaba, mzee wa miaka themanini na moja aitwaye Delbert Klemm. Liliandikwa kwa adabu, lakini kwa mkono wa mtu anayejikinga. Alishukuru, akaomba picha. Nurto alimtumia picha za kurasa zote kumi na moja pamoja na tafsiri yake. Zikapita siku tisa za kimya. Jagjit alisema Wamarekani hawaamini kitu mpaka wakigonge kwa kidole.

Siku ya kumi ikaja picha. Ilionyesha mama mmoja amevaa magwanda ya kufugia nyuki, amepiga magoti, na mbele yake debe la bati lililofunguliwa, limejaa vitabu. Alikuwa kitukuu wa mjane Brenner. Kibanda kilikuwa kimejengwa upya mara mbili, lakini sakafu ilikuwa ile ile. Vitabu kumi na vinne, hesabu kamili.

Toka hapo barua zikawa hazikomi. Delbert alisoma orodha kanisani, akaibandika posta, na mji mzima ukaanza kubomoa mbao za dari. Tanuri la mwokaji lilikuwa limeuzwa zamani kama chuma chakavu, lakini wajukuu wake walikuta vitabu sita kati ya tisa kwenye sanduku la mapambo ya Krismasi. Walidhani ni vya shangazi. Kila familia ilikuwa imejua siri yake tu. Waliovificha walikufa, waliorithi nyumba hawakuambiwa, na waliokuta kitabu cha Kijerumani darini walidhani ni cha kwao peke yao. Nurto alikuwa akipokea picha hizo ndani ya treni, anacheka mwenyewe, abiria wenzake wakimwangalia.

Jambo moja tu Delbert hakuligusa. Kwenye orodha kulikuwa na jina la Otto Klemm, vitabu kumi na tisa, katika zizi la farasi, nyuma ya sanduku la shayiri. Nurto alipomuuliza, Delbert alijibu kwamba lazima kuna kosa. Otto alikuwa babu yake mzaa baba, na ndiye aliyesimama mbele ya watu mwaka 1918 akatangaza kwamba Wiesinger amevichoma vitabu. Angesemaje hivyo huku anavyo kumi na tisa zizini?

Wakati huo Jagjit alikuwa ameanza upelelezi wake. Duka huwa na fomu ambazo watoaji hujaza majina yao, na yeye alipekua mafaili mpaka akampata aliyeleta sanduku lililokuwa na kile kitabu: Pauline, mwalimu wa udereva mstaafu, aliyekuwa akihama kutoka nyumba ya ukoo pale pale Erdington kwenda fleti ndogo. Walimwita dukani wakampa chai. Pauline alisema bibi yake aliitwa Frieda, alitoka Marekani, akaolewa na fundi mitambo wa Birmingham. Frieda alikuwa mcheshi sana, ila ukimuuliza kuhusu Amerika alikuwa anageuka jiwe. Jina la ujana wake lilikuwa Wiesinger.

Nurto alimweleza habari za orodha. Pauline alitazama kitabu muda mrefu, akauliza kama angeweza kukigusa. Jagjit, aliyekuwa amekitupa kwenye pipa wiki tano zilizopita, alimwambia kwa heshima zote kwamba ni chake.

Zilibaki zile kurasa zilizogandamana. Jagjit ana vidole vya mtu aliyetengeneza saa za stesheni miaka thelathini, na baada ya kuomba ushauri kwa mtunza nyaraka mmoja wa mjini, alikaa nazo Alhamisi mbili mfululizo, akipenyeza ukanda mwembamba wa plastiki kati ya karatasi na karatasi. Zilipoachana, nyingine zilikuwa tupu. Mbili zilikuwa na maandishi. Nurto alizisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

Alimweleza Jagjit yaliyomo. Jagjit alishusha pumzi, akasema yule mzee wa Ohio ni mtu mzuri, na huenda ni afadhali asijue. Nurto alilifikiria hilo njia nzima mpaka Small Heath. Delbert alikuwa amekwisha kumzoea. Alimwita Bi Nurto, alimuulizia ujauzito wa Sagal kila wiki. Lakini usiku huo hakuona namna ya kulikunja jambo likaingia mfukoni. Mtu mmoja alikuwa amebeba jina baya miaka mia na zaidi, na mjukuu wa binti yake anakaa vituo viwili vya basi kutoka dukani. Asubuhi aliandika kuomba mazungumzo ya video, akisema kuna ukurasa ambao hapendi kuutuma kama picha tu.

Walikutana Jumamosi saa tisa alasiri, katika chumba cha nyuma cha duka, Pauline katikati, Nurto na Jagjit pembeni, na kompyuta ikiwa juu ya rundo la maboksi ya mafumbo ya picha ya watoto. Huko Lindenau ilikuwa asubuhi. Delbert alikuwa amevaa tai, na nyuma yake walikaa wanakamati sita na birika la kahawa. Baada ya salamu Nurto alisema atasoma kama ilivyoandikwa, akasoma kwanza kwa Kijerumani, ili wasikie sauti ya katibu, halafu akafasiri.

Bwana Otto Klemm alipendekeza kwamba tukiulizwa, sote tuseme katibu ameviteketeza. Alisema watu wakiamini vitabu vimekuwa majivu, hawatavitafuta majumbani mwetu. Katibu aliulizwa kama anakubali. Katibu alikubali. Wajumbe walisimama kwa heshima yake, na mkutano ukafungwa bila wimbo.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa mwaka 1921, umeandikwa kwa wino tofauti: Nimemwandikia Otto mara mbili kumuuliza kama amani imekwisha kufika Lindenau. Hajajibu. Nadhani anaona haya kuliko ninavyoona mimi uchungu. Sitalivunja neno letu. Vitabu viko salama, na hilo ndilo tulilokubaliana.

Birika la kahawa lilisikika likichemka. Delbert alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Naomba unisomee tena," alisema. "Pale aliposema amekubali."

Nurto alisoma tena. Kisha Delbert akainama karibu na kamera, uso wake ukajaa kioo kizima.

"Bi Pauline, nimeisimulia hadithi ile vibaya maisha yangu yote. Nimeisimulia kwa watoto wa shule. Babu yangu alimtwika baba wa bibi yako mzigo wetu sote, halafu akaogopa kwenda kuutua. Nakuomba radhi. Simwombei yeye, naomba kwa nafsi yangu."

Pauline alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Mimi miaka yote nilidhani bibi hakuipenda Amerika kwa sababu ya chakula," alisema.

Mwanakamati mmoja kule nyuma alicheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, na kicheko kikawashika wengine hadi Delbert mwenyewe, huku machozi yakimtiririka. Pauline naye alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Jagjit alitoka kwenda kuleta tishu, akarudi na kitambaa cha meza, maana ndicho alichokuta.

Siku iliyofuata, baada ya kanisa, Delbert alikwenda kwenye zizi la babu yake na nyundo. Sanduku la shayiri lilikuwepo, limesukumwa ukutani tangu enzi zile. Nyuma yake mbao zilikuwa na misumari iliyong'olewa na kupigiliwa mara nyingi, mpaka matundu yakawa makubwa. Alitoa vitabu kumi na saba. Viwili panya walikuwa wamevifanya tandiko. Alipoviweka nje juani aligundua kwamba ndani ya kila kimoja, kwenye ukurasa wa mwisho, palikuwa na tarehe za penseli. 1919. 1924. 1931. 1940. Otto alikuwa akivisoma. Alikuwa anang'oa mbao, anasoma kitabu kizima peke yake kando ya farasi, anaandika tarehe, anakirudisha na kupigilia. Delbert aliandika kwamba hajui amhurumie au amkasirikie, ameamua kufanya yote mawili kwa zamu.

Sherehe ya miaka mia na hamsini ilifanyika mwezi wa Juni. Pauline alisafiri na kitabu cha nane kwenye mkoba wa mkononi, akikataa katakata kukiachia mzigoni. Vitabu mia na thelathini na kimoja vilikuwa vimerudi, pamoja na kile cha tiba ya farasi, ambacho familia Haas walikileta na kusema bado wanakihitaji, wataomba kukiazima tena. Delbert aliufuta ule ukurasa wa historia na kuandika mwingine, akamtumia Nurto aukague kwanza. Nurto hakuweza kwenda. Wiki hiyo hiyo Sagal alijifungua mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, na bibi yake alitazama sherehe kwenye simu katika wodi, mjukuu akiwa amelala kwenye mkono wa pili. Pauline aliposimama kuzungumza, kofia yake ilipeperuka, na yule mama mfuga nyuki akaidaka.

Mwezi wa Julai Delbert alituma picha nyingine, mamia kwa mamia. Zilikuwa kurasa za vitabu saba vya mwanzo, tangu mwaka 1876, ambazo hakuna mtu Lindenau aliyeweza kuzisoma tangu mama yake alipofariki. Aliuliza, kwa ile adabu yake, kama Bi Nurto angekuwa na nafasi. Kamati ilikuwa imempa cheo cha Msomaji wa Kumbukumbu, na cheti chenye muhuri kilikuwa njiani.

Sasa Jumanne na Alhamisi, wakishamaliza kupanga vitabu, wanafungua kompyuta chumba cha nyuma. Jagjit ameamua kujifunza ule mwandiko. Nurto anamfundisha herufi moja kila wakutanapo, kama alivyofundishwa, na anamsahihisha bila huruma, kwa sababu Jagjit huchanganya n na e na u na kulaumu miwani. Juzi walifika mwaka 1889. Wajumbe walikuwa wakibishana kama ni halali mwanachama kuingia na mbuzi chumba cha kusomea, mradi mbuzi amefungwa na hatafuni kitu. Nurto alikuwa anafasiri huku ameshika ubavu kwa kucheka, akashindwa kuendelea.

"Usiniache hapo, Mama Sagal," alisema Jagjit. "Walipiga kura?"

Walipiga. Nurto akageuza ukurasa na kuvuta picha iwe kubwa, ili mwanafunzi wake asome matokeo mwenyewe.